Ulilala wapi jana? Hatua za kuandika simulizi ya mwanamichezo

Hapa Kirumba, mtu akishajua kazi yangu swali huwa lilelile: zile simulizi ambazo mchezaji anasema "mimi" mwanzo hadi mwisho, kweli anaandika mwenyewe? Mara nyingi hapana. Yeye anazungumza, mtu mwingine anarekodi, ananakili, anapanga, kisha anamsomea mpaka mwenyewe akubali kwamba ndivyo alivyosema. Mimi ni huyo mtu mwingine. Nimewaandikia wanasoka, wakimbiaji na mabondia wa Mwanza, na naipenda kazi hii kwa sababu tunawapigia kelele watu hawa kila wikiendi bila kuwajua. Nitakueleza ninavyoifanya. Ukiwa na simu inayorekodi na daftari, unaweza kuanza wiki hii.

Hatua ya 1: Pata swali kwanza

Usianze na jina kubwa. Anza na jambo lililokushangaza ukiwa umekaa Nyamagana au pembeni ya kiwanja cha mchangani. Nani alimnunulia yule winga njumu za kwanza? Bondia anakula nini akishashuka kwenye mizani? Msimu mmoja mimi nilishangazwa na kipa wa timu ya mtaani. Kuna wiki anadaka kila kitu, mpira ukifika mikononi umekwisha. Kuna wiki anapangua tu, hata shuti la kubembeleza. Na mazoezini siku nyingine haonekani kabisa. Jukwaani walisema ana moyo mwepesi. Mimi nikaandika kwenye daftari: kwa nini anabadilika?

Swali la namna hiyo lina mtu ndani yake. Ukimwuliza "safari yako ya mafanikio ilikuwaje", atakujibu alichosikia wengine wakijibu redioni: namshukuru Mungu, nimepambana, sikukata tamaa. Hadanganyi. Ila jibu hilo angeweza kulitoa mtu yeyote.

Hatua ya 2: Soma yaliyokwisha kuandikwa

Jioni moja au mbili zinatosha. Ukienda kwa mkimbiaji wa mwambao huu wa Ziwa Victoria, ujue kabla hujabisha hodi kwamba medali mbili za fedha tulizopata kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980 ni za Filbert Bayi, mita 3,000 kuruka viunzi, na Suleiman Nyambui, mita 5,000, na kwamba Nyambui ni mtoto wa Majita, huku huku ziwani. Mkimbiaji anayesikia unayajua hayo anakaa vizuri kwenye kiti.

Faida nyingine ni kwamba hutapoteza muda wa mtu kwa maswali ambayo karatasi imeshayajibu. Alphonce Simbu alipochukua ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo, Septemba 2025, yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule, saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Hilo lipo wazi kwa kila mtu. Mkimbiaji wa aina hiyo mwulize kisichoandikwa: mita zile za mwisho alikuwa anasikia nini? Alimwona mwenzake, au alisikia nyayo tu?

Hatua ya 3: Kubalianeni

Jina la nani litakaa juu ya simulizi, itachapishwa wapi, nani analipwa nini, na kwamba ataisoma kabla haijatoka. Kama ni mtoto chini ya miaka 18, nenda kwa mzazi kwanza, upige shikamoo, ueleze, na mzazi awepo mnapozungumza.

Hatua ya 4: Mfuate alipo

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanamwita mtu hotelini, soda mezani, simu inarekodi, na mtu mwenyewe amekaa kama yuko kwenye usaili wa kazi. Mfuate kwake, au kwenye shughuli inayomwingizia riziki.

Yule kipa nilimpigia, nikamwambia, "Mdogo wangu, kesho nije wapi?" Akasema nije mwaloni, saa 12 asubuhi. Ni mwalo mmoja upande wa Ilemela. Nilifika mitumbwi ya dagaa ikiwa inaingia, taa bado zimefungwa kwenye maboya yake, akina mama wamekaa na ndoo wakisubiri kupimiwa. Akashuka mtumbwini amelowa hadi kifuani, akanipa mkono. Niliposhika kiganja chake nilihisi kama nimeshika gamba la mti. Kamba ya wavu ilikuwa imemchana kwenye maungio ya vidole, michirizi minne, mmoja bado mbichi.

Sikuwa nimeuliza kitu na nusu ya jibu lilikuwa mkononi mwangu.

Hatua ya 5: Uliza kidogo, kisha nyamaza

Maswali yangu ya kwanza hayahusu mchezo. Ulilala wapi jana? Umeamka saa ngapi? Umekula nini, na nani alipika? Mtu hawezi kujibu hayo kwa maneno ya kukariri. Kipa wangu alijibu, "Kulala? Mimi kipindi cha giza silali." Nikanyamaza. Ukinyamaza mtu huendelea mwenyewe, na hiyo ndiyo mbinu ninayoitegemea kuliko zote. Hesabu hadi kumi moyoni ikibidi, wala usimsaidie kumalizia sentensi.

Akanieleza. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa sababu samaki hufuata mwanga wa taa. Mbalamwezi ikiwaka, ziwa zima lina mwanga, taa hazivuti kitu, na wavuvi hupumzika nyumbani. Yeye huvua na mjomba wake. Basi mwezi ukiwa mpevu analala, viganja vinapona, anadaka. Giza likirudi anavuta wavu usiku kucha, siku nyingine mazoezi yanampita, na siku ya mechi akiushika mpira wa kasi vidonda vinafunguka ndani ya glavu. Anapangua. Nikachukua kalenda tukalinganisha na mechi za msimu ule. Karibu zote zilikubali.

Hatua ya 6: Nakili neno kwa neno

Rekodi ya saa moja hunichukua karibu saa nne kuinakili. Usiruke. Acha "eeh" zake, acha alipojirudia, acha maneno ya Kisukuma au Kijita alipoyachanganya, maana humo ndimo sauti yake ilimo. Ukikimbilia kumsafisha awe na Kiswahili cha taarifa ya habari, nduguze wataisoma na kuuliza, huyu ni nani? Na fanya nakala ya rekodi siku ileile. Simu huibiwa, simu huanguka ziwani.

Hatua ya 7: Hakiki

Kumbukumbu ya binadamu inashika sura na harufu kuliko inavyoshika mwaka. Mtu akikwambia "nilikuwa mdogo", tafuta kigingi cha kufungia kamba. Huku mwambaoni vigingi vingine vina uchungu. Namwuliza mtu mzima kwa upole: ilikuwa kabla au baada ya meli ya MV Bukoba kuzama? Hapo tunajua ni upande gani wa Mei 1996. Kijana namwuliza kuhusu kivuko cha MV Nyerere kilichozama pale Ukara, Septemba 2018. Vingine ni vya kawaida tu: ulikuwa darasa la ngapi, mwalimu wa michezo alikuwa nani.

Kisha kuna nukuu. Mtanzania John Stephen Akhwari alianguka na kuumia goti kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, akaingia uwanjani na bendeji zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Maneno anayotajwa kuyasema, kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile aanze mbio bali azimalize, yanajulikana dunia nzima. Lakini tazama idadi ya maili ndani yake: kwingine utakuta 5,000, kwingine 10,000. Alichofanya Akhwari hakipungui hata chembe kwa sababu hiyo. Mwandishi tu ndiye anayepaswa kuwa macho. Kwangu mimi alama za kunukuu ni za maneno niliyoyasikia kwa masikio yangu au yaliyomo kwenye rekodi. Mengine nayaeleza bila alama.

Hatua ya 8: Panga

Usianze na "nilizaliwa". Anza pale ambapo swali lako linauma. Simulizi ya kipa ilianza na shuti jepesi alilolipangua dakika za mwisho, jukwaa likamzomea. Msomaji akishajiuliza kwa nini, ndipo unampeleka mwaloni. Kuzaliwa, shule na wazazi vitapata nafasi njiani, aya mbili tatu. Kama aya haisaidii kujibu swali, ifute hata kama uliipenda.

Hatua ya 9: Msomee kwa sauti

Nasema msomee. Usimtumie tu kwenye simu, kwa sababu atajibu "safi kaka" bila kuisoma. Kaa naye, soma polepole, mwangalie usoni. Akikunja uso, simama umwulize.

Kipa nilimsomea palepale mwaloni, mbalamwezi, mitumbwi imepumzika. Alitabasamu kwenye shuti la kwanza. Nilipofika pale kocha anamwita mtoro mbele ya wenzake na kumweka benchi mechi tatu, akainua mkono. Nilidhani anaogopa, anataka nifute.

"Usifute, kaka," akasema. "Ila ongeza kwamba sikuwahi kumwambia navua. Niliona aibu. Angejuaje?"

Nilitoa kalamu, nikaiandika sentensi hiyo pembeni ya karatasi, nikamsomea tena aya nzima kuanzia juu.