Somo: Kuchagua lenzi ndefu kwa picha za sura

Wapiga picha wenzangu wa Kigoma, wengi wetu huanza kwa kuulizia bei, ilhali linalotangulia ni umbali. Ukimsogelea bibi harusi kwa lenzi fupi mpaka uso wake ujaze picha, pua hukua na masikio hufifia. Ukirudi nyuma mita 2 au 3, sura hukaa sawa, na lenzi ndefu ndiyo inayokuruhusu kurudi nyuma huku uso ukibaki mkubwa pichani.

Hatua ya kwanza: pima chumba chako kwa utepe wa fundi, kisha uangalie sensa ya kamera, yaani kipande cha ndani kinachopokea mwanga. Kwenye sensa ndogo ya APS-C, lenzi ya milimita 85 (milimita zikizidi, lenzi ni ndefu zaidi na huvuta karibu zaidi) huona kama ya 128 kwenye sensa kubwa kwa Nikon na Sony, au 136 kwa Canon, na kumpiga mtu mzima kuanzia kichwani hadi miguuni kutahitaji takriban mita 7. Vyumba vingi vya studio hapa Mwanga havina nafasi hiyo, kwa hiyo mwenye kamera ya aina hii namshauri aanze na milimita 50 ya f/1.8 (namba ya f ni kipimo cha kitundu cha lenzi kinachopitisha mwanga; ikiwa ndogo, kitundu ni kipana), ambayo pia ni nafuu.

Hatua ya pili: kitundu. Kwenye sensa kubwa, milimita 85 ikifunguliwa f/1.8 kutoka mita 2 huacha kina cha sentimita 6 tu kisicho na ukungu, yaani jicho likikaa sawa, sikio tayari lina ukungu. Sioni sababu ya kulipia f/1.4.

Hatua ya tatu: ijaribu kabla ya kulipa. Nilipeleka yangu ya milimita 85 Kibirizi jioni, nikampiga mama muuza dagaa alipoinua mkono kukinga jua: kope zilihesabika, gamba moja liling'aa kidoleni, na vichanja nyuma yake vikayeyuka kabisa.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, vipi milimita 135?*
Ni nzuri sana ufukweni, dada yangu, ila ndani itakubana. Kasi ya shata isiwe ya polepole kuliko sekunde 1/200, la sivyo mtikisiko wa mkono utaonekana.

*Nimepata ya mtumba, kaka. Niangalie nini?*
Fungua kitundu chote, umulike kwa tochi ya simu upande wa nyuma. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, nawe usiinunue. Ukiipata safi, ihifadhi kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na vifuko vya silika, maana unyevu wa ziwa letu hauisamehe lenzi inayolala begini.