Gramafoni Mpya ya Bei Ghali: Mambo ya Kuzingatia Kabla Hujaipokea

Bei kubwa hainyooshi mkono wa sindano uliofungwa upande. Gramafoni ya shilingi laki mbili inaweza kutoka kiwandani na sahani (ile inayobeba santuri) inayoyumba, sindano iliyopinda au mota inayonguruma. Ukiwa Kisumu na duka liko Nairobi, zaidi ya kilomita mia tatu, kasoro ndogo hugeuka vifurushi, simu zisizopokelewa na maneno mengi. Muuzaji akilalamikiwa huwa na majibu matatu karibu kila mara: iliharibikia njiani, hukuifunga sawasawa, au umeme wa kwenu ndio mbaya. Maandalizi yote yanayofuata yana kazi moja tu, kumnyang'anya majibu hayo kabla hajayatamka.

Kabla hujatuma pesa, uliza nani atalipa nauli ya kuirudisha ikiwa na kasoro, una siku ngapi za kulalamika, na kama utabadilishiwa au itatengenezwa. Uliza kwa ujumbe wa maandishi. Ukipiga simu utajibiwa vizuri sana, na kesho hakuna atakayekumbuka. Omba pia waifungue na kuicheza dukani, wakutumie video yenye namba ya mashine. Duka linalokataa hata hilo limeshakueleza litakavyokuwa siku ya lalamiko.

Halafu kuna umeme, na hapa ndipo wengi wanaoagiza Marekani huumia. Kwetu ni volti 240 na hezi 50, yaani mizunguko 50 ya umeme kwa sekunde. Kule ni volti 120 na hezi 60. Wengi hudhani transfoma inamaliza kazi. Transfoma inabadilisha volti, haigusi hezi, na kuna mota zinazofuata hezi za umeme moja kwa moja. Mota ya namna hiyo iliyotengenezewa hezi 60 ikichomekwa Kisumu huzunguka kwa kasi ya tano kwa sita: mizunguko 33⅓ kwa dakika inashuka hadi karibu 28, na mwimbaji anasikika kama amelala. Hiyo si kasoro ya kiwanda, na hakuna atakayekurudishia pesa kwa sababu hiyo. Gramafoni zenye adapta ya nje inayotoa umeme wa DC (kama wa betri) hazina shida hiyo, mradi adapta yenyewe ikubali volti 240.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inataka bidhaa inayouzwa na mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo iwe na ubora unaostahili kuuzika. Lakini ina makali pande zote mbili: ukiikagua kabla ya kununua, kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua huwezi kuidai baadaye kwa kifungu hicho. Kwa hiyo ukienda kuichukua mwenyewe usiiangalie juujuu kwa sababu matatu inakungoja.

Safari nayo ina yake. Sahani nzito ikiachwa juu ya mhimili wake, kila tuta kutoka Kericho hadi Ahero linaipigilia kwenye beringi. Sisitiza isafirishwe ikiwa imevuliwa, pamoja na ule uzito wa nyuma ya mkono, kila kimoja kwenye nafasi yake ndani ya boksi. Ikifika, anza kurekodi video kabla hujakata utepe, bila kusimamisha: stakabadhi ya mzigo, pembe zote za boksi, namba ya mashine, kila kipande kinavyotoka. Mali bila daftari hupotea bila habari, na siku hizi daftari ni simu.

Meza uwe umeiandaa mapema. Iwe imara, imenyooka kwa pimamaji, na spika zisikae juu yake. Andaa amplifaya yenye tundu la fono (lile la kuchomekea gramafoni), au kikuza sauti cha fono cha pembeni. Katriji ya kawaida, kile kichwa kinachoshika sindano, hutoa milivolti chache tu. Ukiiunganisha moja kwa moja na subwufa ya sebuleni utapata sauti hafifu isiyo na besi, na utailaumu mashine bure. Ukisikia mvumo mfululizo, angalia kwanza ule waya mwembamba wa athi (wa ardhini) unaotoka kwenye gramafoni hadi kwenye amplifaya, kisha soketi yenyewe, maana nyumba nyingi za zamani hazina athi inayofanya kazi. Nunua pia mizani ndogo ya kupima uzito ambao sindano inaikandamizia santuri. Katriji nyingi hutaka kati ya gramu moja na nusu na mbili, lakini fuata kijitabu chake.

Santuri ya kupimia iwe mpya na isiyopinda. Zile za benga za mizunguko 45 ulizorithi, za akina D.O. Misiani na George Ramogi, ni za thamani ila ni mashahidi wabaya: zimelika, na nyingine tundu halikukaa katikati. Kasi unaweza kuipima bila kifaa chochote. Bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani, uhesabu: kwa 33⅓ ni mizunguko 100 ndani ya dakika tatu, kwa 45 ni 90 ndani ya dakika mbili. Sauti ikiyumba, sikiliza inajirudia kila baada ya muda gani. Kwa 33⅓ mzunguko mmoja ni sekunde 1.8. Ikiyumba mara moja kwa kila mzunguko, kosa ni la santuri au la sahani, basi badilisha santuri ujue ni lipi. Ikiyumba haraka zaidi, shuku mkanda au mota. Matokeo haya yarekodi pia, "inayumba kila sekunde 1.8 kwa santuri mbili tofauti" ni lalamiko gumu kuliko "haisikiki vizuri."

Fundi wa mtaani anaweza kuwa hodari kuliko wa dukani, lakini asitie bisibisi kabla muuzaji hajajibu kwa maandishi. Mkwaruzo kwenye kifuniko mimi ningeombea punguzo niendelee kusikiliza. Mkono unaolegea kwenye beringi zake, au kijiti cha sindano kilichopinda, nisingekubali punguzo la aina yoyote. Duka likigoma, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na unaweza kujiwakilisha bila wakili. Boksi, sponji zake na skrubu za kufungia mota wakati wa safari, kama zilikuja nazo, kaa nazo hadi waranti iishe. Bila hivyo hata duka likikubali kubadilisha, mashine haitafika Nairobi nzima.