Kabari za springi za nyuma kwenye Hilux iliyoinuliwa: pima kwanza ndo ununue

Kama umeinua Hilux yako nyuma, umeweka springi mpya au umerefusha shekeli (kile kiungo kinachoshika mwisho wa nyuma wa springi kwenye chesisi), alafu ukifika kwenye lami sakafu inaanza kutetema miguuni kuanzia kilomita 70 kwa saa hivi na ukiachia mafuta mlio unabadilika, usikimbilie kubalansi matairi. Lala chini ya gari uangalie pua ya difu, yani pale mbele ya difu propela inapofungwa, imeelekea wapi. Yangu ni Hilux LN106 ya injini ya dizeli ya 3L, niliipandisha kwa shekeli ndefu na bamba la kuongezea kwenye springi, na safari ya kwanza toka Arusha kwenda Makuyuni kioo cha ndani kilikuwa kinatetema mpaka gari la nyuma yangu silioni vizuri. Nikabalansi matairi mara mbili, nikabadilisha krosi (viungo vinavyokunja kwenye miisho ya propela, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye difu), wapi.

Shida iko hivi. Krosi ikiwa imekunja kona haizungushi propela kwa mwendo mmoja, kila mzunguko inaiharakisha mara mbili na kuichelewesha mara mbili. Krosi ya mwisho wa pili ndo inafuta hiyo hali, lakini inaweza tu kama kona yake inalingana na ya mwenzake. Yani flanji (sahani ya kufungia propela) ya transfa, ile boksi ya 4x4 nyuma ya gia, na flanji ya difu ziwe sambamba, propela ndo ikatize katikati kwa mshazari. Sasa ukiinua gari nyuma usambamba huo unaweza kupotea, na kwenye gari langu pua ya difu ilikuwa chini kuliko inavyotakiwa. Kabari ni kipande cha chuma chenye upande mnene na upande mwembamba, kinakaa kati ya springi na kiti chake kwenye ekseli, kazi yake ni kuirudisha ile pua juu.

Hapa ndo watu wengi wanaharibu, na fundi wa kwanza niliyempelekea ndo alichofanya: aliweka kabari nene ili difu iitazame transfa moja kwa moja, ukiangalia kwa macho imenyooka inapendeza kabisa. Lakini krosi ya nyuma ikabaki haina kona na ya mbele ina kona yake yote, hakuna wa kumfutia mwenzake, mtetemo ukazidi kuliko mwanzo. Kunyoosha namna ile ni kwa propela yenye krosi mbili zilizobebana upande wa transfa. Kama propela yako ina krosi moja kila mwisho, unachotafuta ni usambamba, sio mstari ulionyooka. Na kama ni ya vipande viwili yenye senta bearing (bearing ya katikati inayoshika propela kwenye chesisi), difu unailinganisha na kile kipande cha mbele kinachoishia kwenye bearing, transfa achana nayo kwenye hesabu hii.

Kupima sasa. Gari ikae sakafu ya zege iliyo sawa, matairi yote upepo sawa, na ibebe mzigo unaotembea nao siku zote, mi naweka dumu la mafuta na tairi la spea mahali pake. Usipime ikiwa kwenye jeki, springi lazima zibebe uzito. Weka vizuizi kwenye matairi, piga alama ya rangi kwenye flanji na propela ili irudi vilevile, alafu fungua propela upande wa difu. Tumia kile kipimo cha kona cha dijitali chenye sumaku, ubandike kwenye uso wa flanji uliofutwa uchafu, simu nayo inafaa ila makava yake yenye kingo za mviringo yanadanganya kwaiyo vua kava. Pima kila sehemu mara tatu.

Yangu ilisoma hivi, bila zile kabari za mwanzo: transfa imelala digrii 4 na nusu, difu imeinuka digrii 1 tu. Ili ziwe sambamba difu ilitakiwa iinuke 4 na nusu pia, kwaiyo tofauti ni 3 na nusu. Lakini usizibe tofauti yote, maana ukikanyaga mafuta springi zinajikunja na pua ya difu inapanda yenyewe kidogo, kwaiyo unaiacha digrii 1 chini, springi zikiwa laini hata 2. Nikahitaji kabari ya digrii 2 na nusu. Ikitoka kwenye hesabu yako zaidi ya 4, ushauri wangu usiweke kabari, tafuta mchomeleaji mzuri akate viti vya springi avigeuze, kabari nene sana ina tabia ya kusukumika itoke.

Nunua za chuma. Za alumini zinapigwapigwa zinapasuka, na ikipasuka yubolti (bolti za umbo la U zinazobana springi na ekseli) zinalegea na ekseli inaanza kutembea, hiyo ni hatari ya kweli barabarani. Upana ulingane na springi, za Hilux nyingi ni milimita 60. Na usiamini namba iliyochongwa, chukua kalipa: unene wa upande mnene toa wa upande mwembamba, gawa kwa urefu, zidisha kwa 57. Zangu zilikuwa na urefu wa milimita 150, mnene 10, mwembamba 3 na nusu, jibu linakuja 2.5 hivi. Nunua pia senta bolti (ile inayopita katikati ya mabamba ya springi) ndefu zaidi na yubolti mpya zenye urefu wa kutosha, za zamani zimeshavutika usizirudishe.

Kufunga: legeza nati za matairi, piga jeki, chesisi iegemee stendi mbili imara na ekseli ibebwe na jeki peke yake. Fungua shokapu chini, angalia mpira wa breki na ile fimbo ya vali ya breki inayoshuka kwenye ekseli visivutike. Legeza yubolti za pande zote mbili, sio upande mmoja, maana ekseli inatakiwa izunguke na ukiwa umebana upande mmoja utakuwa unapigana na chuma. Shusha ekseli kidogo, bana mabamba ya springi kwa vaisi ya mkono KABLA ya kutoa senta bolti, yale mabamba yana nguvu na yakifunguka ghafla yanakata vidole. Safisha kiti kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae.

Kabari ipite kwenye senta bolti mpya chini ya springi, bolti ikaze yote pamoja, na kichwa chake kiingie kwenye tundu la kiti. Kichwa kisipoingia usilazimishe kwa yubolti. Upande mnene uangalie NYUMA ya gari, kwasababu Hilux springi inakaa juu ya ekseli. Kwa wenye Suzuki SJ ambazo springi iko chini ya ekseli ni kinyume, mnene mbele, nimeona imefungwa vibaya zaidi ya mara moja.

Rudisha yubolti, kaza kwa msalaba, kidogo kidogo kwa zamu, pande zote mbili. Shusha gari iwe na uzito wake alafu ndo umalizie kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza na kulia ikifika) kwa kipimo cha kitabu cha gari lako. Funga shokapu, pima tena difu kabla hujarudisha propela. Yangu ilisoma 3 na nusu kama nilivyotaka. Angalia oili ya difu pia, pua ikipanda bearing ya mbele inapata oili kidogo kuliko mwanzo, kwaiyo ijae mpaka usawa wa tundu la kujazia.

Jaribu kwenye lami toka 60 mpaka 100, ukikanyaga na ukiachia. Kaza tena yubolti baada ya kilomita 100 na tena baada ya 500. Mi nilifanya ya kwanza niliporudi toka Engaruka, ile njia ya mabati inatingisha kila kitu, na upande wa kulia nati mbili zilizunguka karibu robo kabla toki renchi haijalia.