Swali moja la mazoezi likufanyie kazi ya matano

Mara ya kwanza nilipofanya mtihani wa kuingia masomo ya ubingwa wa udaktari, nilikuwa nimejibu zaidi ya maswali 2,000 ya mazoezi. Nikaanguka. Iliniuma, maana usingizi wa zamu nyingi ulikwenda humo. Niliporudi kwenye zile karatasi, nyumbani kwangu Kahawa West, nikaona kosa: kila swali nililitia tiki au mkasi, nikaenda kwa lingine. Lilinipima, halikunifundisha. Mara ya pili nilijibu kama 700 tu, na nikapita. Nilifanya hivi.

Kwanza, funika majibu. Chukua kadi, ziba A hadi E, soma swali, sema jibu lako kwa sauti, ndipo ufunue. Ukiyaona majibu mapema, jicho huenda kwa neno ulilolizoea, hata kama huwezi kueleza kwa nini.

Baada ya kujibu, hata ukipata, kaa na yale manne mengine. Mfano: mwendesha bodaboda amevunjika mfupa wa mkono wa juu katikati, neva (mshipa wa fahamu) gani imo hatarini? Ni ya radiali, maana imezunguka mfupa ikiugusa pale pale. Sasa uliza swali ambalo lingefanya kila jibu baya liwe sahihi. Neva ya aksila? Basi mfupa ungevunjika shingoni, chini kidogo ya bega. Ya alna? Upande wa ndani wa kiwiko, pale ukijigonga unahisi umeme. Ya katikati ya mkono? Mtoto aliyeanguka akavunjika juu tu ya kiwiko. Umesoma mkono mzima kwa swali moja. Kisha ongeza lako: je, huyu wa bodaboda ataweza kunyoosha kiwiko? Kwa kawaida ataweza, kwa sababu matawi mengi ya msuli wa nyuma ya mkono hutoka kabla neva haijafika mahali pa jeraha.

Fiziolojia, yaani jinsi mwili unavyofanya kazi, ndiyo niliyoipenda zaidi, nayo usiikariri. Chukua shinikizo la oksijeni ndani ya vifuko vya mapafu. Vitabu husema milimita 100 za zebaki, na wengi wetu tumeimeza hivyo. Hiyo ni hesabu ya Mombasa. Usawa wa bahari shinikizo la hewa ni milimita 760 za zebaki. Toa 47 za mvuke wa maji, zidisha kwa 0.21, yaani sehemu ya oksijeni hewani, unapata karibu 150. Toa kaboni dioksidi 40 iliyogawanywa kwa 0.8 (uwiano wa kaboni dioksidi mwili unayotoa na oksijeni unayotumia), yaani 50. Inabaki 100. Sasa panda nayo hadi Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya bahari, shinikizo likiwa karibu 620. Toa 47, zidisha kwa 0.21, ni 120. Toa 50, ni 70. Sisi wakazi wa huku tunapumua zaidi kidogo, kaboni dioksidi inashuka chini ya 40, kwa hiyo kiwango chetu kinapanda kidogo juu ya hapo. Niliifanya hesabu hii nyuma ya risiti ndani ya matatu, Thika Road imefunga, na tangu siku hiyo sijaisahau. Katika mtihani, swali lisipotaja mwinuko, tumia 760.

Dawa zishike kwa watu unaowahudumia. Kliniki ya kifua kikuu pekee inatosha: isoniazidi na ganzi ya miguu inayozuiwa kwa vitamini B6, rifampisini inayopunguza nguvu ya vidonge vya kupanga uzazi, ethambutoli na madhara yake kwa macho. Biokemia sina njia ya mkato. Niliandika kwenye vikadi nikavisoma kila asubuhi maji ya chai yakichemka.

Jihadhari na karatasi za fotokopi zenye majibu yaliyoandikwa kwa kalamu. Miezi mitatu niliamini kwamba kaboni monoksidi husogeza kulia mchoro wa jinsi himoglobini ya damu inavyoshika oksijeni, kwa sababu ya karatasi moja ya aina hiyo. Husogea kushoto. Kila jibu lihakikishe kitabuni kabla hujaliingiza kichwani.

Makosa yako yawekee daftari la peke yake. Mbele ya kila kosa andika moja kati ya haya: sikujua, nilisahau, nilisoma vibaya. Nilipohesabu yangu, karibu theluthi yalikuwa ya kusoma vibaya, hasa maswali yenye ISIPOKUWA. Nikaanza kuzungushia neno hilo duara kabla ya kusoma lolote lingine. Kila kosa lirudie baada ya siku 3, kisha 10. Wiki ya mwisho sikugusa swali jipya. Nilisoma daftari hilo tu.

Mwezi mmoja kabla ya mtihani, alfajiri, aliletwa kijana wa bodaboda, mkono umefungwa kwa leso. Nilimwomba ainue kiganja, kikaning'inia. Nikamwomba anyooshe kiwiko polepole, huku nikimshikia mkono. Akanyoosha. Nikaandika kwenye faili lake, na jioni nikaliandika swali lake kwenye daftari, kwa mwandiko wangu, na majibu yote matano.