Namba za oili ya injini zinasema nini

Kwenye kopo la 5W-30, namba iliyo kabla ya W inaeleza oili inavyotiririka injini ikiwa baridi: ikiwa ndogo, oili huwahi kupanda juu unapowasha. Ya pili ni uzito wake, yaani jinsi ilivyo nzito kutiririka, kwenye nyuzi joto 100 za Selsiasi, injini ikishapata moto. Ndiyo maana 5W-30 na 10W-30 hutofautiana zaidi wakati wa kuwasha.

Tafadhali usihamie 20W-50 kwa sababu tu gari limetembea kilomita nyingi. Injini iliyoundwa kwa 0W-20 au 5W-30 ina nafasi finyu kwenye beringi. Oili nzito huchelewa kufika kwenye kamshafti (shafti inayofungua valvu), huongeza ulaji wa mafuta, na huvuruga VVT (mfumo unaobadili muda wa valvu kufunguka na kufunga), ambayo mara nyingi huendeshwa na presha ya oili. Nyepesi kupita kiasi nayo hushusha presha injini ikiwa moto, beringi zikalika. Uzito sahihi umo kwenye kitabu cha gari, na mara nyingi juu ya kifuniko cha kujazia oili.

Kwa pikipiki yenye klachi inayozama kwenye oili, tafuta alama ya JASO MA au MA2, kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki. Oili nyingi za gari zina kemikali za kupunguza msuguano, na klachi huanza kuteleza.