Somo: Kunasa anwani za IP mbovu kwenye logi kwa PostgreSQL

Wakuu, wengi wetu tukitaka kukagua anwani za IP tunahesabu nukta na tarakimu. Kwa njia hiyo 999.999.999.999 inapita kifua mbele, na 2001:db8::1, ambayo ni halali, inatupwa nje. PostgreSQL, programu ya hifadhidata, inazijua anwani kuliko sisi, basi tuiulize.

1. Pakia logi (kumbukumbu za seva) kwenye jedwali, safu ya anwani iwe text. Ukiiweka inet (aina ya data ya anwani za IP) mapema, mstari mmoja mbovu utaangusha COPY (amri ya kupakia data) nzima.

CREATE TABLE logi (wakati timestamptz, anwani text);

2. Toleo la 16 lilituletea kitu kitamu, pg_input_is_valid, inayosema kama maandishi yanakubalika kwa aina fulani ya data:

SELECT anwani, count(*) FROM logi
WHERE NOT pg_input_is_valid(anwani, 'inet')
GROUP BY anwani ORDER BY 2 DESC;

3. Usifute kitu bado! Soma majibu kwa macho. "203.0.113.7, 10.0.0.5" si uchafu: ni X-Forwarded-For, kichwa cha ombi la HTTP ambamo kila proksi (seva ya katikati) huongeza upande wa kulia anwani ya aliyeifikia. "203.0.113.7:51544" imebeba namba ya poti tu. Lakini 10.0.0.256 haiwezekani, maana kila kipande cha IPv4 ni biti 8, mwisho wake 255. Hapo ama programu imekosea kuandika, ama mtu anakuchezea. Mteja anaweza kujaza X-Forwarded-For apendavyo, kwa hiyo hata anwani iliyopita mtihani huu yaweza kuwa ya uongo.

4. Mlolongo ukate kwa split_part(anwani, ',', 1), poti iondoe, kisha rudia hatua ya 2.

MASWALI

— Mkuu, mbona 10.0.0.5/24 imepita?
Inet inakubali kinyago cha mtandao. Ongeza OR anwani LIKE '%/%'.

— Mistari isiyo na anwani kabisa siioni.
NULL (pasipo na thamani) haijibu ndiyo wala hapana, WHERE inaiacha. Weka OR anwani IS NULL. Hili lilinipotezea jioni nzima.

— Kazini tuko toleo la 13, bosi hataki kusikia habari ya kuhama.
Pole. Andika fanksheni ya plpgsql (lugha ya fanksheni ya PostgreSQL) yenye anwani::inet ndani ya BEGIN na EXCEPTION, irudishe false ikikwama. Ni nzito kwenye logi kubwa, ondoa kwanza anwani zinazojirudia kwa DISTINCT.

— Na sisi wa MySQL?
NOT IS_IPV4(anwani) AND NOT IS_IPV6(anwani). Nyinyi mmerahisishiwa.