Jinsi ya Kuchagua Hedifoni ya DJ Itakayodumu Kazini

Jumamosi moja, katika harusi iliyofanyika kwenye bustani huko Karen, upande wa kushoto wa hedifoni yangu ulinyamaza wakati maharusi walipokuwa wakikaribia lango. Niligundua kwamba nikiubana waya kwa kidole pale unapoingia kwenye kikombe, yaani ile sehemu inayofunika sikio, sauti inarudi, basi nikapiga muziki saa nne zilizobaki kwa mkono mmoja, huku wa pili ukiwa umeshikilia sikio kama mtu anayeumwa na jino. Jumatatu niliipeleka kwa fundi wa Luthuli Avenue, ambaye aliigeuzageuza akitafuta skrubu asiione hata moja, kisha akanieleza kwamba kikombe kilikuwa kimegandishwa kwa gundi na kwamba kukifungua ni kukivunja. Spika ya ndani ilikuwa nzima kabisa. Kilichokatika ni kipande cha waya kisichozidi urefu wa kucha, na kwa ajili yake nikatupa kifaa kizima.

Tangu wakati huo, swali langu la kwanza dukani halihusu sauti. Huuliza ni sehemu gani itakayoharibika kwanza, na kama sehemu hiyo inaweza kubadilishwa hapa Nairobi kati ya Jumatatu na Ijumaa. Hedifoni ya DJ huvaliwa na kuvuliwa mara nyingi mno katika usiku mmoja, huning'inizwa shingoni, hubanwa kati ya bega na sikio, hutumbukizwa begini pamoja na kompyuta na rundo la nyaya, kisha husafirishwa kwa pikipiki alfajiri. Hakuna plastiki inayovumilia maisha hayo bila kujeruhiwa mahali fulani. Kwa hiyo anayetafuta hedifoni isiyovunjika kamwe anapoteza muda wake, atafute inayotibika.

Kwa kawaida kebo ndiyo hutangulia kufa, na huwa haikatiki katikati bali kwenye ncha zake mbili, yaani pale inapoingia kwenye pini na pale inapoingia kwenye kikombe, kwa sababu hapo ndipo inapokunjwa kila unapogeuza kichwa. Chagua hedifoni ambayo kebo yake inachomoka, lakini usiishie hapo, maana si kila kebo inayochomoka ina mwenzake sokoni. Pioneer HDJ-X10 hutumia kiungo kidogo chenye pini tatu kinachojifunga chenyewe, na ni kiungo imara. Audio-Technica ATH-M50x nayo hutumia pini ya milimita 2.5 ambayo huzungushwa ili ijifunge ndani ya kikombe, na kwa umbo lake kebo ya kawaida ya kuokota dukani huenda isikae sawasawa. Kwa hiyo muulize muuzaji kabla ya kutoa pesa: "Bosi, kebo ya hii ikikatika nitapata nyingine wapi?" Akikujibu kwamba haikatiki, mshukuru, uende duka la pili.

Kebo isiyochomoka haifai kukataliwa moja kwa moja. Sony MDR-7506, ambayo imekuwa sokoni tangu mwaka 1991, ina kebo ya kujipinda kama springi iliyoshikizwa moja kwa moja, lakini vikombe vyake vimefungwa kwa skrubu, kwa hiyo fundi anayejua kulehemu anaweza kuifungua na kuweka waya mpya. Nasema anayejua kwa makusudi. Nyuzi za ndani ya kebo nyingi za hedifoni ni za shaba nyembamba kama nywele, zimepakwa vanishi ya rangi ili zisigusane, na mara nyingi zimesokotwa pamoja na nyuzi za nailoni. Fundi asiyeichoma au kuikwaruza vanishi hiyo kwanza atakufanyia kiungo kinachong'aa vizuri mezani kwake na kinachonyamaza Ijumaa usiku. Simama hapo hapo umtazame akifanya kazi.

Kuhusu kebo iliyonyooka na ile ya kujipinda, madijei wanabishana sana, na mimi nina upande wangu. Kebo ya kujipinda haiburuti sakafuni, kwa hiyo haikanyagwi wala kunaswa na mguu wa meza, nayo ukijisahau ukapiga hatua mbili nyuma hunyumbuka badala ya kung'oa pini. Uzito wake huvuta kikombe kidogo, lakini ni afadhali uzito huo kuliko mhudumu aliyebeba sinia kujikwaa kwenye waya wangu.

Baada ya kebo hufuata upinde wa kichwani pamoja na bawaba zake. Bawaba inayoruhusu vikombe kukunjika kuelekea ndani ni rahisi kubeba, lakini kila kiungo kinachosogea ni mahali pengine pa kuvunjikia, hasa kama sehemu inayobeba mzigo ni plastiki tupu. Ifungue na kuifunga mara ishirini ukiwa dukani, tena bila haya, na usikilize kama inatoa mlio wa kukwaruza au kama inaanza kulegea mkononi. Vuta upinde hadi urefu wake wa mwisho, uone kama ndani yake mna bamba la chuma; kisha shika vikombe viwili na kuutanua polepole kuliko upana wa kichwa chako, uuachilie, na uone kama unarudi katika umbo lake. Ikiwa una mazoea ya kubana kikombe kimoja kwa bega, chunguza zaidi mahali kikombe kinapoungana na upinde, kwa kuwa mkao huo hupinda kiungo hicho upande ambao hakikutengenezewa. Mazoea hayo, kusema kweli, huumiza shingo pia, na hedifoni ambayo kikombe chake huzunguka hadi nyuma ya sikio huyafanya yasiwe ya lazima.

Hapa ndipo Sennheiser HD 25 ilipojipatia heshima yake. Kampuni hiyo ya Ujerumani iliitoa mwaka 1988, na ukiiona kwa mara ya kwanza huwezi kuamini kwamba ndiyo inayosifiwa: ni plastiki nyeusi isiyo na madoido, ina uzito wa gramu 140 tu bila kebo, na kebo yake hupita nje nje kama iliyosahauliwa. Lakini kebo hiyo huchomoka katika kila kikombe bila kulehemu, upinde hubadilishwa, sponji zinazogusa masikio hubadilishwa, na hata spika za ndani huuzwa moja moja. Upinde wake uliogawanyika mara mbili hushika kichwa bila bawaba za kukunja, na kikombe kimoja huzungushwa kwa ajili ya kusikiliza kwa sikio moja. Kasoro yake ni kwamba hukaa juu ya sikio badala ya kulizingira, na baada ya saa tatu hivi mwenye miwani huanza kujuta. AIAIAI TMA-2 kutoka Denmark imefuata fikra hiyo hiyo kwa kuuza upinde, spika, sponji na kebo kama vipande tofauti. Uzuri wa hedifoni za aina hii ni kwamba hata iliyotumika inaweza kununuliwa bila hofu kubwa, mradi spika zake ni nzima, kwa kuwa mengine yote ni ya kubadilisha.

Sponji zitachakaa utake usitake. Ngozi bandia huharibiwa na jasho, mafuta ya ngozi na unyevu, kisha huanza kumenyeka na kukuachia magamba meusi masikioni mbele ya wateja. Hakikisha tu kwamba zinatoka kwa mkono na kwamba saizi yake inapatikana, kisha uzipanguse kwa kitambaa kikavu kila baada ya kazi badala ya kuzifungia begini zikiwa na jasho. Usizipake spiriti.

Spika za ndani ndizo hudumu zaidi, na zinapokufa mara nyingi ni kwa kupewa sauti kubwa kupita uwezo wake. DJ huongeza sauti ya hedifoni kwa sababu spika za ukumbi zinamfunika, kwa hiyo hedifoni iliyofungwa nyuma na inayobana sikio vizuri hulinda spika zake na masikio yako kwa pamoja. Hili la masikio si dogo. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama kazini, NIOSH, hupendekeza kikomo cha desibeli 85 kwa saa nane, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo hupungua kwa nusu, hivi kwamba kwenye desibeli 100 unabaki na takriban dakika 15. Dukani, vaa hedifoni na umwombe muuzaji azungumze nawe kwa sauti ya kawaida. Ukimsikia bila shida, utaisikia pia klabu nzima.

Angalia vilevile kipimo cha omu kilichoandikwa kwenye boksi, yaani ukinzani wa umeme: ukiwa mkubwa, hedifoni huhitaji nguvu zaidi ili isikike. Miksa na kontrola (kifaa cha DJ cha kuendeshea muziki ulio kwenye kompyuta) nyingi huendana vyema na hedifoni za kati ya omu 32 na 70 hivi. HD 25 ina omu 70, MDR-7506 ina 63 na ATH-M50x ina 38. Hedifoni za studio kama Beyerdynamic DT 770 Pro hutolewa katika matoleo ya omu 32, 80 na 250, na anayechukua lile la 250 kwa sababu limepunguzwa bei ataongeza sauti ya kontrola yake hadi mwisho na bado atasikia mnong'ono.

Za bluutuu uziache za kusikilizia ndani ya matatu. Sauti yake mara nyingi huchelewa kwa sehemu ya kumi moja hadi mbili za sekunde, au zaidi. Katika amapiano ya mapigo 112 kwa dakika, pigo moja huchukua kama sekunde 0.54, kwa hiyo ucheleweshaji wa sekunde 0.2 ni zaidi ya theluthi ya pigo. Huwezi kulinganisha nyimbo mbili kwa sikio katika hali hiyo.

Sasa tuje kwenye ununuzi wenyewe. Modeli zinazopendwa ndizo zinazoigwa, na bandia za siku hizi huja na boksi safi, kibandiko chenye namba na hata kijitabu. Bei iliyo nusu ya bei ya maduka mengine inatosha kukushtua, lakini bei kubwa pia si ushahidi wa uhalali. Nenda na mizani ndogo ya jikoni, uipime hedifoni, na ulinganishe na uzito uliotangazwa na mtengenezaji. Chomoa sponji na kebo, uone kama vinarudi kwa urahisi. Katika nakala nyingi vipande hivi huwa vimelegea au havikubali vile halisi. Soma maandishi yaliyochapwa kwenye plastiki, kwa sababu anayeiga haraka huiga vibaya herufi ndogo.

Jaribio la sauti lifanye kwa nyimbo zako mwenyewe, zile unazozijua hadi pumzi ya mwimbaji, na uhakikishe ziko kwenye simu kabla ya kutoka nyumbani. Anza na rumba yenye gitaa nyingi ili usikie kama pande mbili zinalingana, kisha wimbo wenye besi nzito. Wakati muziki unacheza, tikisa kebo karibu na pini, halafu karibu na kikombe. Mkwaruzo wowote ni sababu ya kuirudisha kaunta. Ukisikia mlio wa kutetemeka kwenye besi, usihukumu upesi, hasa kama hedifoni imekwisha kutumika, kwa kuwa unywele mmoja uliopenya na kugusa utando wa spika hutoa mlio unaofanana kabisa na wa spika iliyopasuka. Toa sponji, uuondoe unywele kwa uangalifu, usikilize tena. Mimi niliwahi kupata hedifoni nzuri kwa bei ya kutupa kwa sababu mwenyewe hakujua jambo hilo, na sikuona haja ya kumweleza hadi nilipokwisha kulipa.

Bei iangaliwe kwa mwaka, si kwa siku. Anayenunua ya shilingi 4,000 inayokufa kila baada ya miezi minne ametumia shilingi 12,000 mwaka unapoisha, na hana kitu cha kuuza. Hata hivyo, DJ anayeanza, ambaye ana kazi moja kwa mwezi, sioni kwa nini akope kwa ajili ya modeli ya kifahari. Achukue ya bei ya kati yenye kebo inayochomoka, na fedha iliyobaki anunue kasha gumu. Msimu wa mvua za Machi hadi Mei utamjulisha faida ya kasha hilo atakapokuwa nyuma ya pikipiki kwenye Thika Road.

Ukishalipa, dai risiti iliyoandikwa modeli na namba ya kifaa, na uulize waranti inahudumiwa na nani: duka lenyewe, wakala, au hakuna mtu. Siku hiyo hiyo nunua kebo ya pili na vipunguzio viwili vya pini, kutoka milimita 3.5 hadi 6.35, maana kimoja utakisahau kwenye miksa ya ukumbi fulani. Usiku ukifika nyumbani, ichomeke ile kebo ya akiba na usikilize nayo wimbo mzima, kwa kuwa kebo mpya mbovu zipo, kisha ndipo uiweke katika mfuko wa begi unaoweza kuufikia gizani.